Bibi Harusi Hatokei Mlango Huu

Anastasie alikuwa mtu wa kutii sauti. Hakuzaliwa hivyo, alifunzwa. Kule Tanzania, kambini Nyarugusu, ilikuwa sauti ya kipaza juu ya mlingoti, ikiita kijiji hiki kije kupanga foleni ya unga, kijiji kile kingoje kesho. Baadaye ikawa sauti ya afisa wa wakimbizi: kaa hapo, mama, mumeo aliuawa lini, nani alishuhudia, haya rudia tangu mwanzo. Na sasa, huku Texas, ni sauti ya mashine. Katika ghala la Grand Prairie anakofanya kazi, kila mtu huvaa kifaa masikioni anapoingia zamu, na tangu hapo mwanamke asiyeonekana humwamuru: njia ya kumi na nne, rafu ya chini, makasha matatu. Anastasie huchukua makasha, hujibu kwamba tayari, na sauti humtuma kwingine. Haisemi asante. Haiulizi kama amekula. Mgongo ukiuma, ajuaye ni mwenye mgongo.

Waliomjua juu juu walimwita mpole. Upole ni jina zuri ambalo watu huupa uchovu wa wengine.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakuna sauti iliyowahi kumwamulia, nalo ni mlango. Kwao Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, harusi karibu yote ni ya wanaume. Mahari hupokewa na baba wadogo na wajomba, maneno husemwa na msemaji, hata mbuzi wa sherehe ana wakubwa wake. Mama wa binti ameachiwa kitu kimoja. Asubuhi ya harusi yeye ndiye humvisha binti, ndani ya nyumba aliyoiridhia mwenyewe, kisha husimama kizingitini na kusema neno lake. Ndipo binti avuke kwenda kwa watu wengine. Akivuka kabla mama hajanena, watu wa kwao husema huyo hakuolewa, ametoroshwa. Hata Nyarugusu, ambako milango mingi ilikuwa vipande vya turubai, akina mama walisimama mbele ya maturubai yao wakanena, na hakuna aliyewacheka.

Sasa zamu ya Anastasie ilikuwa imewadia. Zoé, binti yake wa pekee, aliyevushwa ziwa akiwa mgongoni, alikuwa anaolewa mwezi wa Oktoba.

Bwana harusi aliitwa Kigen, kijana Mkenya mwenye kazi safi ya ofisini Plano na tabia safi kuliko kazi. Anastasie hakuwa na neno naye. Wazazi wake, Kimutai na Jeptoo, waliishi Houston. Kimutai alifanya kazi ya maabara hospitalini na alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Jeptoo alikuwa muuguzi mkuu wa zamu, mwanamke mwenye mkono wa kutoa na mdomo wa kupanga. Ndiye aliyebuni safari ile: kanisa la Wakongo la Fort Worth na ushirika wa Wakenya wa Houston wakodi basi moja, waende Galveston, mji mkongwe ulio kisiwani kusini ya Houston, wazungushwe na kiongozi, wajifunze historia, wale pamoja, na familia mbili zizoeane. Lilikuwa wazo zuri. Ila mawazo ya Jeptoo yalikuwa na desturi ya kuja na mimba, na hukujua kilichomo tumboni mpaka kizaliwe mbele ya watu.

Basi lilitoka Fort Worth alfajiri, likashuka barabara ndefu hadi Houston, likawapakia Wakenya na masufuria yao. Polycarpe, mdogo wa marehemu mume wa Anastasie, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo katika habari za mahari, alihama kiti akaja kukaa karibu naye.

"Shemeji, leo tabasamu kidogo," alimnong'oneza. "Hawa si watu wadogo. Yule mama amepanga mambo makubwa."

"Nikiona cha kuchekesha nitacheka."

"Mais, uso wako! Unawatisha watu bure."

"Uso huu, Polycarpe, ndio niliokuja nao. Mwingine ulibaki Fizi."

Zoé, aliyeketi mbele yao, alicheka bila kugeuka. Lakini Anastasie, ambaye alikuwa akiusoma mgongo wa binti yake tangu mgongo huo ulipokuwa na urefu wa mkono, aliona kwamba mabega hayakucheka.

Galveston iliwapokea kwa joto na upepo wa chumvi. Ni mji wa nyumba kubwa za kale zenye veranda juu ya veranda, na vichaka vya maua ya rangi ya waridi kila kona. Ni mji pia ambao ulisomewa tangazo la uhuru mwezi Juni mwaka 1865, zaidi ya miaka miwili baada ya rais wa nchi kutangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Miaka zaidi ya miwili watu waliendelea kupika, kufua, kubeba pamba na kuuzwa, wakiwa huru tayari na hawana habari. Siku hizi tarehe hiyo ni sikukuu ya nchi nzima. Ghalani kwao Anastasie hawapumziki siku hiyo. Aliwahi kumuuliza msimamizi ni sikukuu ya nini, naye akamjibu kuwa ni jambo la Waamerika weusi, rudi kwenye njia yako.

Nyumba waliyopelekwa ilijulikana kwa jina la aliyekuwa mwenyewe, bwana mmoja Ellery, mfanyabiashara wa pamba. Kiongozi wa ziara alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na kofia ya nyasi, mkarimu, mwenye sauti ya mtu anayesimulia watoto hadithi kabla ya kulala. Aligawa vifaa vya masikioni, kila mtu kimoja, ili wamsikie wote bila yeye kupaza sauti.

Anastasie alikigeuza chake mkononi. "Hata Jumamosi!" alisema. Wakongo wenzake wa ghalani wakaangua kicheko, nao wakavivaa kwa mazoea, kama askari.

"Bwana Ellery aliijenga nyumba hii mwaka 1857," ilisema sauti masikioni, na Zoé alimtafsiria mama yake polepole. "Aliijenga kwa mikono yake, kwa imani na jasho. Dhoruba kubwa ya mwaka 1900 iliua maelfu ya watu kisiwani, lakini nyumba hii ilisimama."

Anastasie alitazama juu. Nguzo zilikuwa nene kama mapipa, kuta za tofali unene wa dhiraa, ngazi za mbao iliyochongwa majani na zabibu.

"Muulize," alimwambia Zoé, "huyo bwana alikuwa na mikono mingapi?"

Kigen aliyekuwa karibu alipasuka kwa kicheko. "Hapo Mama amemshika!"

"Siulizi hivyo mimi," Zoé alisema chini chini. "Twende, maman."

Wakaenda. Sauti iliwaambia watazame kushoto, wakatazama kushoto: mapazia kutoka Ufaransa. Iliwaambia watazame meza, wakatazama meza: sahani ishirini na nne, zote nzima. Juu ya meza lilining'inia pangaboi la ubao, pana kama mlango, na kamba yake ilipita kwenye kapi hadi pembeni mwa chumba. "Familia ilipokuwa inakula," ilisema sauti, "mtoto wa jikoni alisimama pale akivuta kamba ili wapate upepo. Alikuwa akiipenda sana kazi hiyo."

Nani alimwambia? Kitabu gani, shahidi gani, mtoto gani aliyesimama joto la Galveston akivuta upepo wa kupoza supu ya watu wengine, halafu akaacha habari kwamba alifurahi? Mapazia yalikuwa na nchi yalikotoka, sahani zilikuwa na idadi, hata farasi wa bwana Ellery alikuwa na jina na picha ukutani. Mtoto alipewa kitu kimoja tu, furaha, nayo akapewa na watu waliokuwa wamekaa wakila. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Na wenye nyumba hii walikuwa wameubeba mzigo wa wenzao kwa wepesi wa ajabu kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini.

Anastasie alikiangalia kipembe kile, mahali pa kusimama mtoto mmoja, kisha sauti ikawaita bustanini.

Bustani ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Nyasi kama zulia, miti yenye kivuli kizito, upinde wa mbao nyeupe uliozungushiwa maua, na viti vyeupe vimepangwa kwa safu vikingoja watu. Hapo Jeptoo alivua kifaa chake, akasimama chini ya upinde, akapiga makofi.

"Wapendwa! Wapendwa, nisikilizeni. Mlidhani tumekuja kutembea tu? Zoé, Kigen, kujeni hapa. Hapa ndipo watoto wetu watafungia ndoa! Nimesha-book, tarehe tunayo, kadi zimetumwa juzi."

Vigelegele vilipanda. Polycarpe alipiga makofi kupita wote, akimkonyeza shemeji yake kana kwamba anasema: nilikuambia nini? Zoé alikwenda chini ya upinde, akakumbatiwa, akapigwa picha. Alitabasamu. Anastasie aliliona tabasamu hilo likipanda hadi mashavuni na kukwama pale.

"Mama Zoé!" Jeptoo alimjia mikono mbele. "Sikukuambia kwa simu kwa sababu nilitaka nione uso wako. Si ni pazuri?"

"Ni pazuri," Anastasie alisema, na alikuwa mkweli.

"Na bado hujaona chumba cha bibi harusi. Najua mambo yenu ya mlango, Kigen alinieleza. Nikasema, aki, huyu mama lazima apate mlango wa heshima. Kuja uone."

Alimshika mkono, kwa upendo kabisa, akampeleka nyuma ya nyumba. Kundi lote liliwafuata, na kiongozi mbele yao. Nyuma ya miti lilikuwapo jengo refu la tofali, la chini, bila veranda. Milango ilifuatana katika mstari mmoja, kila mlango na kidirisha chake kidogo juu, kimoja kama kingine. Mingine ilikuwa stoo za viti na vitambaa vya meza. Mmoja ulipakwa rangi nyeupe, ukawekewa shada la maua.

"Zamani hapa waliishi wahudumu wa nyumba," ilisema sauti. "Siku hizi ndipo bibi harusi wetu wanapojiandaa. Wapiga picha wanapapenda sana."

Ndani palikuwa na kioo kizima cha ukutani, taa mviringo, kiti cha kupambwa na zulia jeupe. Jeptoo aliingia akaanza kuonyesha mahali gauni litatundikwa. Anastasie hakuingia. Alisimama pale ambapo angesimama siku ya harusi, kwenye kizingiti, akaupitisha mkono kwenye mlango kama mtu anayejaribu nguo. Ubao ulikuwa mzito. Upande wa ndani ulikuwa laini kabisa, hauna kitu. Upande wa nje, chini ya rangi nyeupe, lilikuwapo komeo la chuma, nene, la kufungia kwa kufuli.

Aliurudisha mlango akaufungua tena. Akatazama ndani, akatazama nje. Kisha akautazama mlango wa jirani, na wa baada yake. Kila mmoja, kwa nje.

"Zoé. Mbona komeo liko nje?"

Zoé alilitazama shada la maua.

"Nyumba ina komeo ndani, ili mwenyewe alale. Stoo ya mihogo ndiyo ina komeo nje. Humu walilala watu, ama walilaza mihogo?"

"Maman, please. Usianze."

"Sianzi. Nauliza."

Aliyejibu alikuwa Kimutai. Tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya salamu, na sasa alikuwa amesimama mbali kidogo, akiutazama ule mstari wa milango kwa jicho la mtu aliyekutana na ndugu asiyemtaka.

"Hizi ni laini," alisema.

"Laini gani tena, Baba Kigen?" Jeptoo aliuliza kutoka ndani.

"Laini. Za majani chai. Chumba kimoja, mlango mmoja, familia moja. Nimezaliwa kwa moja ya hizi kule Kericho na wewe unajua." Alitafuta neno lingine mfukoni mwake. "Lakini komeo letu lilikuwa ndani. Nyapara alikuwa anabisha."

Watu waliokuwa wakichekacheka waliacha. Zoé aliitazama miguu yake, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo ya zamani, ya Nyarugusu: "Walikuwa watumwa, maman. Walifungiwa usiku wasikimbie."

"Umejua lini?"

"Siku Mama Kigen aliponitumia picha. Nilisoma shuleni. Kila mtu aliyesoma hapa anajua hizi nyumba ni za nini."

"Na ungevalia humu?"

"Ni siku moja tu!" Machozi yalikuwa yameshamfika. "Nilitaka wakupende. Sikutaka waseme mama yangu ni mkimbizi mwenye maneno mengi."

Mtu anaweza kuchomwa kisu na adui akasimama. Hilo Anastasie alilijua. Lakini kusikia kwamba mtoto wako amejifunza kunyamaza, na amejifunza kwako, kwa kukutazama ukirudi zamu na kumeza kila kitu hata mate yako mwenyewe, hilo hulipatii mahali pa kusimamia. Alijiona yeye mwenyewe mbele ya afisa, mbele ya msimamizi, mbele ya sauti: tayari, tayari, tayari. Kumbe binti alikuwa nyuma yake miaka yote hiyo, anaangalia, anaiga.

Alikivua kifaa masikioni.

"Mwambie mama huyu nina swali. Utafsiri lote, usilikate mkia."

Zoé alifuta uso. Akatafsiri.

"Hao wahudumu, walilipwa?"

Kiongozi alitabasamu kwa huruma. Alisema familia ya Ellery ilijulikana kwa wema wake, na watu wa hapa nyuma walitunzwa vizuri, walikuwa kama sehemu ya familia.

"Familia hufungiwa kwa nje?"

Tabasamu la kiongozi lilipungua. Alisema hizo zilikuwa nyakati tofauti. Alisema ni vigumu kwa mtu wa leo kuhukumu. Alisema, na hapo aligusa kofia yake, kwamba katika siku nzuri kama hii ya kupanga harusi wao hupendelea kukaa upande wa furaha wa historia.

Upande wa furaha wa historia! Kana kwamba historia ni chapati, unageuza upande ulioiva. Mwanamke yule hakuwa mkatili. Hilo ndilo lililochoma. Alikuwa mwema, alikuwa amewanunulia wageni maji baridi kwa pesa yake, na kwa wema huo huo angemwambia bibi harusi yeyote atabasamu kwenye kioo kilichotundikwa pale ambapo mtu fulani alilaza kichwa akisikiliza chuma kikisukumwa nje. Wangapi wamevalia humo? Wangapi wametoka na shela, wakapigiwa makofi?

"Mama Zoé, tafadhali." Jeptoo alikuwa ametoka chumbani, amemshika kiwiko, anaongea kwa sauti ya wodini. "Tusimwaibishe mwenyeji wetu. Hayo mambo ni ya huku, ya Waamerika weusi. Sisi hayatuhusu. Sisi tulikuja na ndege, na viza zetu."

"Mimi sikuja na ndege, Jeptoo. Nilikuja na miguu. Ndege ilinikuta njiani."

Jeptoo alimwachia kiwiko.

"Na waliolala humu," Anastasie aliendelea, "nao walikuwa wametoka mahali. Walikuwa na mama. Walikuwa na mabinti. Mama wa humu alimtolea binti yake mlango gani? Alinena neno gani kizingitini, na kufuli liko kwa mwingine? Halafu mimi nisimame hapa nimbariki wangu, kwa sababu mmepaka rangi? Binti yangu hatokei mlango huu."

"Shemeji!" Polycarpe alijipenyeza katikati, jasho likimtoka. "Shemeji, donc, tuzungumze kikubwa. Ukoo ulikwisha kubali. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema ndiyo."

"Ulisema ndiyo kwa mahari. Mahari ni yenu, kuleni. Mlango ni wangu."

"Na mimi nitawaambia nini watu?" Sauti ya Jeptoo ilipanda, na wodi ikaisha. "Kadi zimeenda mpaka Kericho! Nimefanya haya yote kwa nani? Nimekutafutia heshima ambayo hata dada zangu hawakupata, na unaniita nini mbele ya kanisa? Muuza watumwa?"

"Sijakuita kitu. Hukujua. Sasa umejua."

"Sema nimekosa basi!"

"Waambie mama wa binti amekataa. Nitwishe mimi. Mizigo nimeizoea."

Kigen alikuwa amesimama kati ya mama yake na mama mkwe wake, na mwanamume yeyote aliyewahi kusimama hapo anajua kwamba hakuna mahali pembamba kuliko hapo. Alimtazama Zoé. Wote walimtazama Zoé. Maana Anastasie angeweza kukataa kunena, na Zoé angeweza kuvuka bila neno. Siku hizi wengi huvuka. Alikuwa mtu mzima, ana mchumba, ana tarehe, na upinde mweupe ulikuwa unamngoja hatua chache tu nyuma ya miti.

Zoé alikivua kifaa chake akamrudishia kiongozi mkononi. Kisha akamweleza kwa Kiingereza, taratibu, bila kutetemeka, kwamba mlango huu aondoe shada, aweke kibao, na kibao kiandikwe watumwa, si wahudumu. Na kwamba yeye hataolewa hapa. Akamgeukia Jeptoo akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa kusalimia wakubwa.

"Mama, unisamehe. Ilinipasa nikuambie ile siku ya picha. Nitatoka mlango wa mama yangu."

Kigen alikohoa. "Mimi nitangoja popote," alisema. "Mum, mimi hata parking nitangoja."

Si wote waliotoka nao. Akina mama wawili wa ushirika walibaki wakipigana picha chini ya upinde, kwa sababu magauni yao yaliendana na maua, na mzee mmoja wa kanisa la Fort Worth alisema kwa sauti kwamba Wakongo hawawezi kupewa kitu kizuri. Kiongozi aliwakumbusha kwamba juisi ya limau imeandaliwa. Wapo walioinywa. Ndivyo watu walivyo, na wakati wa watumwa ndivyo walivyokuwa pia, ndiyo maana ule mstari wa milango ulidumu.

Chakula kilipakuliwa ufukweni, juu ya ukuta mrefu wa zege unaozuia bahari. Pilau ya Wakenya ilikuwa upande huu, sombe, yaani kisamvu, na ugali wa Wakongo upande ule, na kati yao nafasi ambayo asubuhi haikuwapo. Jeptoo aliketi peke yake na sahani asiyoila. Kimutai alijipakulia sombe machoni pa mke wake, akaja kuketi karibu na Anastasie.

"Mama yangu alikuwa anaamka kabla nyapara hajabisha," alisema, akiangalia maji. "Ili asiamshwe na mtu. Alisema hiyo tu ndiyo yake."

"Alikuwa na akili."

"Alikuwa na hasira." Akala kijiko kimoja. "Hii mboga ni tamu."

Walikaa hivyo mpaka kivuli kilipowaangukia, nacho kilikuwa cha Jeptoo. Macho yake yalikuwa mekundu, na simu ilikuwa mkononi.

"Nimewapigia watu wa ile nyumba," alisema. "Nimewaambia tumefuta. Wameuliza sababu, nikawaambia. Wakasema mimi ndiye mteja wa kwanza kulalamika." Aliizima simu. "Wa kwanza! Watu wote waliopita hapo, na ni mimi wa kwanza. Nimejisikia vibaya, Mama Zoé. Lakini usidhani nimekusamehe ile sauti ulinipandishia mbele ya watu wangu."

"Sikuipandisha. Wewe ndiye ulipandisha."

"Sawa, mimi nilipandisha!" Mtu fulani nyuma alicheka, Jeptoo akamtupia jicho, kicheko kikafa. "Sasa huo mlango wako ni upi? Uko wapi?"

"Fort Worth. Ghorofa ya pili. Unapanda ngazi za chuma."

"Ngazi za chuma." Jeptoo alifumba macho. "Gauni lina mkia mrefu, mama. Nililiagiza kwa ajili ya zile nyasi. Litashuka vipi ngazi za chuma?"

"Tutalibeba."

"Tutalibeba nani?"

"Wewe na mimi. Nikishamaliza kunena."

Jeptoo aliangalia bahari, akaangalia sahani ya mume wake, akaangalia kundi la watu ambao wangelazimika kusimama kwenye maegesho ya magari ya Fort Worth siku ya Oktoba wakiwa wamevaa suti.

"Sijafurahi," alisema. "Ujue hivyo."

"Usifurahi," Anastasie alimjibu, akimsogezea nafasi ukutani. "Njoo tu. Na uje mapema, kuna sombe ya kutwanga."